Pokea Chuma Kikiwa Bado Kinalia

Ipo siku moja ambayo naikumbuka kwa sauti yake kabla sijaikumbuka kwa sura. Ilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kukodi huko Berchem-Sainte-Agathe, pembezoni mwa Brussels, mvua nyembamba ikiteleza dirishani, na sauti ya uzi mmoja wa gitaa ikining'inia hewani kama nguo iliyosahauliwa kambani. Nitaifikia siku hiyo, mwanangu. Mimi ni mtu wa redio, nimezoea kusema kwanza ni nani, wapi na kwa nini. Univumilie.

Juzi tulipokuwa tukichagua mboga sokoni Flagey, uliniambia umekabidhiwa kwaya ya maman Béatrice, na kwamba Jumapili yako ya kwanza utaanza upya: nyimbo mpya, mwendo mpya, kinanda kipya. Ukacheka ukasema, "Shangazi, maman Béatrice anaburuta nyimbo mpaka watu wanasinzia." Nilishika kabichi nikaigeuzageuza mpaka mwenye meza akaniuliza kama nainunua au naiombea. Jibu langu lilikuwa refu, na sokoni si mahali pake. Jibu lenyewe ni hili.

Nilikuwa kijana wa Kigoma niliyekuja Brussels kusoma, na mwisho wa juma nikitangaza kipindi cha Kiswahili katika redio ndogo karibu na Porte de Namur. Nilitaka kutengeneza kipindi juu ya wapigaji wa gitaa la pedali wa bonde moja la kusini-magharibi mwa Ohio, kule Marekani. Nilikuwa nimesikia mkanda wao mmoja tu, tena kwa bahati, na sauti ile ilinifuata wiki nzima. Gitaa hilo halipakatwi, mwanangu. Limelazwa juu ya miguu kama meza nyembamba. Mkono wa kulia unadona nyuzi. Wa kushoto unatelezesha juu yake kipande cha chuma laini, kinene kama kidole gumba. Magoti na nyayo zinafanya kazi huko chini kwenye pedali. Sauti yake haipandi ngazi wala haishuki ngazi. Inaelea. Ni kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lako, na yu karibu kulipata.

Niliulizia, na kuuliza si ujinga. Nikaambiwa mtu pekee mjini aliyewajua watu wale ni tonton Déo, yaani mjomba Déo, mzee wa Bukavu, anaishi Berchem. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha karatasi kwenye bonde lile, kabla ya kuja huku kumfuata mkewe, maman Espérance. Nikapanda tramu.

Nilimkuta mgane mpya. Maman Espérance alikuwa amezikwa majira ya baridi, na picha yake ilikuwa ukutani juu ya gitaa, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nikafungua kinasa sauti. Mzee akakitazama, akanitazama mimi.

"Bon, mutoto. Unataka kujua nini?"

"Wapigaji mashuhuri wa bonde lile, tonton. Majina yao, kazi zao, na nani alikuwa mkubwa kuliko wote."

"Donc unataka classement, nani wa kwanza nani wa mwisho, sawa football." Akakohoa. "Na kikohozi yangu utaitia mu redio?"

"Nitakikata, tonton."

"Unasikia Kiswahili ya Tanzania," aliiambia ile picha. "Inavaa kravati hata mu jikoni."

Ndipo akanieleza mambo mawili, na kuanzia hapo sikuwa tena mwandishi tu. La kwanza: vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinaganda. Vilianza asubuhi tu, sasa vinaganda hata mchana, na daktari hakumpa matumaini. La pili: mkewe alikuwa amemwachia agizo. Siku ya kutoa matanga apige ule wimbo wa kwaya ya zamani ya Bukavu aliokuwa akiupenda, apige mpaka mwisho. "Alisema, 'Usiachie katikati ukaanza kulia, nakujua,'" akaniambia. Matanga yalikuwa yatolewe baada ya Pasaka. Mzee hakujua kama mkono wake ungefika huko.

Majina nitapewa, alisema, lakini kwa njia ya wenyewe. Kule bondeni hawakufundishana kwa maneno. Jumapili mchana walikusanyika katika gereji ya mmoja wao, gitaa moja, benchi moja, na wakapokezana chuma. Anayepiga hanyamazi ili mwenzake aanze. Anauacha uzi unalia, anasogea pembeni mwa benchi. Anayepokea anaweka mkono juu ya mkono wake, kisha mguu kwenye pedali inayokuza sauti, na mwenye kutoka anachomoa mkono wake polepole. Sauti haikatiki. Anayepokea haruhusiwi kuanza lake. Anaibeba kwanza sauti ya mwenzake mpaka ife yenyewe.

Nilikaa kwenye benchi lile nikijiona mwerevu. Nilikuwa nimepiga gitaa la kawaida shuleni. Akadona uzi, ukalia, akasogea. Nikapokea chuma, na papo hapo nikakiinua ili niweke kipande changu kizuri nilichokuwa nimekipanga ndani ya tramu. Chumba kikawa kimya. Mzee aliutazama ukimya ule kama mtu anavyotazama kikombe kilichovunjika.

"Sauti ya mwenzako ni nyumba yenye iko na batu," alisema taratibu. "Umeingia, umezima taa. Na bako bado ndani."

Hakunikemea zaidi ya hapo. Akaenda kutia maji ya chai. Nilibaki na chuma mkononi, na chuma kile kilikuwa na joto la mkono wake. Kwetu Kigoma mtu akienda kuomba moto kwa jirani hurudi na kijinga cha moto, hakipulizii kwa pupa wala hakitikisi, anakikinga upepo mpaka kwake. Kijinga kikizimika njiani, amerudi na kijiti tu. Nililelewa na desturi hiyo, na bado nilikuwa nimefanya nilichofanya.

Basi nikawa naenda kila Jumapili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na pedali ziko mvunguni kweli. Siku za kwanza nilitazama zaidi viatu vyangu kuliko nyuzi. Wapigaji wa bonde lile walinijia mmoja mmoja, kwa sauti kabla ya majina. Kila mara tonton alidona uzi, akaniachia, na nilipokuwa nimeibeba sauti mpaka mwisho wake ndipo aliposema, "Ile ilikuwa Lonnie."

Lonnie alipaka magari rangi. Alipiga polepole kiasi kwamba kwenye baa za Jumamosi wacheza dansi walisimama katikati ya hatua, mguu mmoja juu, wakimsubiri. Wanda alishona mapazia, na alipiga pekupeku ili nyayo zisikie kila pedali inapokaza uzi. Alipompokea mtu chuma, mtu aliyekuwa nje ya gereji hakujua kuwa mpigaji amebadilika. Virgil aliendesha kreni. Nyimbo hakuzimaliza; alizitua, kama mzigo unavyotuliwa chini na kreni, bila kishindo. Wengine wa bonde lile walikwenda kusini wakawapigia waimbaji wakubwa. Hawa watatu walibaki na viwanda vyao, na aliyewajua ni mto wa bonde lile tu.

"Wanda alikuwa mukali," tonton alisema siku moja. "Alinipiga rula mu kisigino. Kisigino, mutoto. Nani anapigaka muntu mu kisigino?"

"Na uliendelea kwenda?"

"Bale batu balishuka mu milima ya Kentucky kutafuta kazi. Mi nilishuka mu milima ya Kivu. Alors, nani mwingine angenielewa?"

Mara nyingine usingizi wa mchana ulimchukua akiwa kwenye benchi, chuma kikiwa kwenye nyuzi, na nje ya dirisha vitalu vya nyumba za Berchem vilipotelea kwenye ukungu mpaka nikadhani tuko huko bondeni, kwamba yule jirani anayekung'uta zulia kwenye roshani ya pili ni Wanda na mapazia yake. Nilijifunza kutokumwamsha. Niliweka mkono wangu juu ya wake nikasubiri.

Pasaka ikapita. Ukumbi ukakodiwa. Akina mama wa kwaya walikuja na vitenge vyeupe vya sare, sahani za sombe, yaani kisamvu, na wali zikapangwa kando ya ukuta, picha ya maman Espérance ikawekwa juu ya meza yenye maua. Maman Béatrice, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mlango mzito, ndiye aliyeongoza. Nilikaa kwenye benchi kando ya mzee, kwa maelezo kwamba namshikia karatasi za nyimbo. Karatasi hakuwa nazo. Kabla ya kuanza alinionyesha mkono wake wa kushoto, akaukunja. Ulikunjika nusu.

Alianza. Ulikuwa wimbo wa watu wanaovuka ziwa, mwendo wake ni wa kasia, na gitaa lilikwenda chini ya sauti za akina mama kama maji yanavyokwenda chini ya mtumbwi. Ubeti wa kwanza ulipita. Ubeti wa pili, pale wimbo unapopanda na wanawake wote wanavuta pumzi, mkono wake ukasimama.

Haukuanguka. Ulisimama juu ya uzi, na uzi ulikuwa unalia. Niliona vidole vimekuwa vyeupe. Nilimwona akiitazama picha, na nikajua kuwa sauti ile ikifa sasa, agizo la mkewe litafia hapo, katikati, mbele ya watu wote ambao mkewe aliwahi kuwapikia.

Akasogea pembeni mwa benchi, kiasi cha mtu mmoja kupita.

Niliweka mkono juu ya mkono wake. Ulikuwa baridi kama chuma chenyewe, sikuweza kujua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Kisha mguu. Alichomoa vidole kimoja kimoja, na ilimchukua muda, na muda huo wote sikufanya lolote ila kubeba. Kilikuwemo kipande changu kizuri kichwani, nakuambia ukweli, na nilikiacha huko. Maman Béatrice aligeuka akatuona. Hakuwanyamazisha akina mama wala hakuwaharakisha; alinyoosha mkono wake hewani wakaishika sauti ileile, midomo imefumba, wakaiburuta, wakaiburuta, mpaka ile ya gitaa ikafa yenyewe ndani ya zao. Hapo ndipo nilipodona uzi wa pili. Nilipiga wimbo ulivyo, bila pambo, na mahali pamoja nilikosea pedali. Tukafika mwisho. Niliutua kama Virgil.

Baadaye, sahani zikizunguka, maman Béatrice alinipita akaniambia, "Mutanzania, ulitukokota sawa pikipiki yenye haina mafuta. Lakini tumefika." Watu wakacheka, na mzee akacheka kupita wote.

Kisha akanivuta karibu. "Nilisikia mkono yangu," alisema, "halafu nikasikia yako, na sikujua mulango iko wapi. Espérance alibaki ndani. Taa haikuzimika."

Kipindi changu kilienda hewani mwezi uliofuata. Sikutaja aliyekuwa mkubwa. Niliwataja kwa mpangilio wa nani alimpokea nani: Virgil kwa mtu wa milimani ambaye hakuna anayemkumbuka jina, Wanda kwa Virgil, Lonnie kwa Wanda, Déo wa Bukavu kwa wote watatu. Nikaishia hapo. Tonton alisikiliza nyumbani kwake akanipigia simu kulalamika kwamba nimekikata kikohozi chake.

Sasa, mwanangu, hebu nikueleze bila kuzunguka. Uliyemwona anaburuta nyimbo ndiye aliyenyoosha mkono siku ile. Kuburuta kwake kulimsubiri mtu mmoja mgeni apate kuweka mguu mahali pake. Sisemi usibadilishe kwaya. Waliotangulia nao walibadilisha, la sivyo kusingekuwa na cha kukurithisha, na kinanda cha zamani kweli kimechoka. Nasema Jumapili ya kwanza imba wimbo wake, kwa mwendo wake, na yeye akiwa amekaa mstari wa mbele akiusikia. Usiuongeze kitu. Usiurekebishe pale unapokuudhi. Ubebe mpaka utulie wenyewe, na utajua umetulia, maana chumba kizima kitavuta pumzi. Hapo dona uzi wako, kwa nguvu zako zote, na asiwepo wa kukuzuia. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na msala wako utakapofika, utaukuta mbachao wa kuutandikia juu.

Gitaa la tonton liko kwangu, karibu na dirisha. Njoo siku yoyote yenye mvua, njoo na soksi nene za kukinga visigino.

Mola akupe mkono wa kupokea kabla ya mkono wa kuanza. Akupe watu wanaojua kusubiri unapokosea pedali. Na siku vidole vyako navyo vitakaposimama katikati ya ubeti, mwanangu, ugeuke ukute mtu amekwisha kaa kando yako kwenye benchi.