Kalamu ndani ya Mchele

Dada yangu aliposhuka kwenye gari pale nyumbani Njisi, baada ya miaka mingi Ulaya, aliuliza friji iko wapi kabla hajauliza hali ya mtu. Nilikasirika. Mimi ni mwepesi wa kukasirika, na sikuwahi kuona mgeni anayeanza kusalimia friji. Akanivuta chumbani, akafungua kimkoba chake cha kutunzia baridi. Ndani yake, katikati ya vipande vya barafu, kulikuwa na kalamu za sindano zimelala kwenye maboksi yake.

"Za kupunguza mwili," akaninong'oneza. "Mara moja kwa wiki tu. Usimwambie mama."

Zisipate joto, alisema, wala zisigande. Kwenye ndege hakukubali ziende na mizigo ya chini. Alizibeba mkononi kutoka kiwanja hadi kiwanja, na cheti cha daktari juu, tayari kwa yeyote atakayeuliza.

Kwetu mtu akirudi kutoka mbali amenenepa, watu wanafurahi naye, wanasema huko alikokuwa alikula vizuri. Akirudi amekonda, wanashusha sauti. Wilaya hii imezika wakondefu wengi, na waliowazika bado wako hai. Dada yangu aliondoka akiwa mwanamke wa kujaza kiti, akarudi mifupa ya shingo inaonekana. Sokoni Kyela wamama walimshika mkono, wakauachia taratibu, wakamwambia pole bila kusema pole ya nini. Yeye alikuwa anajiona amependeza. Mimi nilitamani kuwatukana wale wamama, na nilitamani pia kumwambia dada ale.

Mama aliziona kalamu siku ile ile. Mama haonyeshwi kitu, anakiona. Dada akababaika, akashika jibu lililokuwa karibu.

"Ni dawa ya sukari, mama."

Haukuwa uongo mtupu. Dawa yenyewe ilianza kutumika kwa watu wa sukari, wenye unene wakaifuata baadaye. Mama aliamini moja kwa moja, akalia kidogo kwa ajili ya mwanawe, akafuta macho akaanza kazi. Ilikuwa masika na umeme ulikuwa unakuja unapojisikia, kwa hiyo akatoa chungu chake cha Kikisi alichonunua kwa wafinyanzi wa Lyulilo, akakijaza mchanga nusu, akaumwagia maji na kuzika ndani yake kopo lenye zile kalamu. Asubuhi na jioni alikuwa anakilowesha kitambaa alichofunikia chungu kama anamwogesha mtoto mchanga. Kilichomtisha mama hakikuwa ugonjwa. Kilichomtisha ni midomo ya watu.

Ukoo wetu una utaratibu wake. Mtoto wa kaka akirudi kutoka safari ndefu, haanzi kutembelea mtu yeyote kabla hajamwamkia shangazi yake, na haendi mikono mitupu. Shangazi yetu, dada yake marehemu baba, aliolewa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Karonga. Ni Malawi, lakini kwetu ni kwa shangazi tu. Mto wenyewe huhama. Kuna mashamba ya Katumba Songwe yaliyolala Tanzania yakaamka Malawi, na mwenye shamba akavuka na jembe lake kama kawaida.

Mama alitaka tuvuke huko huko Katumba Songwe, kwa mtumbwi, kama alivyovuka maisha yake yote. Dada akakataa. Pasi yake ilikuwa na kibali cha kuishi ugenini, na aliogopa kukutwa nchi ya watu bila muhuri. Siku ya sindano yake ilikuwa inaangukia safarini, na hakutaka kuacha dawa kwenye chungu, kwa hiyo alizibeba zote. Basi tukaenda darajani Kasumulu, kwenye foleni, mvua nyembamba inanyesha na mto chini yetu umejaa, mwekundu, unabeba migomba mizima.

Foleni ilikuwa ya watu tunaofahamiana nao. Mbele yetu walikuwepo wanunuzi wa kokoa, nyuma yetu mwanakwaya wa kanisani kwetu. Ofisa alikuwa anafungua kila mfuko na kumwaga vilivyomo juu ya meza. Dada akafungua kimkoba chake mwenyewe, na cheti mkononi, kama alivyozoea. Ndani kulikuwa na vipande vya barafu tu.

Akageuka. Mama akamkanyaga mguu.

"Huyu ana nini na barafu?" ofisa akauliza.

"Kichwa kinamsumbua, baba," mama akamjibu. "Joto la huku ameshalisahau."

Ofisa akacheka, akatia mkono juu juu kwenye gunia letu dogo la mchele wa kumpelekea shangazi, akatupitisha. Tulipomaliza kugonga mihuri upande wa pili ndipo mama aliposema. Asubuhi alikuwa amezitoa kalamu kwenye maboksi yake, maana maboksi yalikuwa hayaingii vizuri, akazifunga kwenye kitambaa kibichi pamoja na vijisindano vyake na kuzisukumia katikati ya mchele. Maboksi ameyaacha nyumbani chini ya kitanda.

"Ulitaka yule mwanakwaya azione?" mama akamwuliza dada. "Kufika Jumapili kanisa zima lingekuwa linakuombea."

Dada akafunga kimkoba chake kwa nguvu. Mimi nikashika njia mbele yao.

Shangazi alitupokea mlangoni kwa vigelegele na kicheko kikubwa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo, na tangu afiwe na mumewe alikuwa anaishi peke yake. "Mwagonile, wanangu! Mwagonile!" Akatwaa gunia mikononi mwa mama na kulipeleka chumba cha ndani. Hapo nikaona kosa letu. Zawadi ikishaingia chumba cha ndani, mleta zawadi haifuati. Ukiifuata unaonekana unataka kuirudisha.

"Nitazitoa mimi," mama akamwambia dada kwa macho. "Tulia."

Tukakaa. Kabla ya chakula shangazi akatoa kichupa chake cha insulini, akavuta kiasi kwenye sindano, akajidunga tumboni mbele yetu huku anatania wembamba wa dada. Alikuwa akijidunga hivyo kwa miaka, asubuhi na jioni, na bila kile kichupa asingekuwa hai. Akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa kinaelekea mwisho. Kliniki yake ilikuwa imemwambia dawa haijafika, arudi wiki nyingine.

"Nakinyonya kidogo kidogo, kama mtoto anavyonyonya pipi," akasema, akacheka. Mama hakucheka. Nilimwona anakitazama kile kichupa.

Dada aliweza kula vijiko viwili vya mbalaga ya ndizi akasukuma sahani. Shangazi akaacha kucheka. Jioni ilipokaribia na sisi tunataka kuwahi daraja, mama akaingia chumba cha ndani na wifi yake, wakakaa humo. Mama alipotoka uso ulikuwa umetulia. Shangazi alitoka nyuma yake analia, akamshika mama mikono yote miwili na kurudia shukrani zake, "Ndaga fijo, wifi. Ndaga fijo." Nikadhani wamemlilia baba.

Tulikuwa tumeshavuka, mihuri imeshagongwa, dada aliponyoosha mkono kwa mama.

"Nipe dawa zangu."

"Nimempa wifi," mama akasema. "Nimemkuta ameshazipapasa ndani ya mchele, anadhani nimemletea. Ningemnyang'anya? Wewe ukirudi huko utapata nyingine, yeye ameishiwa. Si wewe mwenyewe ulisema ni dawa ya sukari?"

Dada alisimama katikati ya barabara. Sijawahi kuona mtu mweusi akipauka namna ile.

"Si insulini, mama. Ataacha insulini yake!"

Akarudi mbio getini. Lilikuwa linafungwa. Akawaeleza maofisa, akawaonyesha cheti, akapiga kelele kwa Kiswahili na Kiingereza, wakamwambia kwa upole kwamba kesho ni siku. Mtumbwi haukuwa wa kupanda usiku, mto umejaa vile, na simu ya shangazi ilikuwa haipatikani. Alikuwa na kawaida ya kuizima ili chaji isiishe, na namba ya jirani yake hata mmoja tulikuwa hatuna. Nilimkasirikia shangazi kwa ile simu, nikamkasirikia mama, nikamkasirikia dada na wembamba wake. Mama alikaa chini kwenye ukingo wa barabara, akawa anauliza tu, "Lakini inatibu sukari, si inatibu? Si inatibu?"

"Siyo yake," dada akasema. "Yake ikikosekana anakufa. Na ile inadungwa kwa wiki mara moja."

Mvua iliyonyesha milimani usiku ule ilishuka kwetu na kwao. Asubuhi daraja kubwa lilipitika, lakini kijito kabla ya kijiji cha shangazi kilikuwa kimeikata barabara, na kando yake tulishinda tumesimama kwenye matope na watu wengine, tunatazama maji. Dereva wa bodaboda mmoja alikubali kujaribu kupita upande wa juu akapeleke ujumbe: asijidunge ile dawa, arudie ya zamani. Akarudi amelowa hadi kifuani, hakufika. Kila dakika niliyokaa pale nilimwona shangazi akikaa kitandani asubuhi na jioni, anainua nguo yake, kama alivyozoea. Mama alikuwa anaomba kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, bila kupumzika. Dada hakuomba. Alikuwa anahesabu kwa vidole vyake halafu anavikunja.

Kesho yake maji yakapungua, tukapita.

Shangazi alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, ndoo karibu na kichwa. Midomo ilikuwa imekauka, anapumua kwa kina na haraka kama aliyepanda mlima, na chumba kinanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Alipotuona alijitahidi kutabasamu.

"Wifi, dawa yako ina nguvu," akamwambia mama. "Njaa yote imekwisha. Inanitapisha uchafu wote."

Kalamu zilikuwa zimepangwa dirishani kwa utaratibu, zilizotumika upande huu, nzima upande ule. Alikuwa anajidunga asubuhi na jioni, anazungusha kitufe cha kipimo mpaka mwisho. Dada akauliza kichupa cha insulini kiko wapi. Shangazi akaonyesha kwa macho. Kilikuwa kwenye kona ya khanga, kimefungwa fundo, na dawa ndani yake haikupungua hata kidogo tangu tulipomwacha.

"Nimekiweka akiba," akasema. "Kwa siku mbaya."

Tulimfikisha hospitali kwenye gari la kuazima. Daktari alimwuliza dada ni dawa gani, kipimo gani, boksi lake liko wapi. Boksi lilikuwa Njisi chini ya kitanda. Dada alieleza yote bila kuficha, alichojidunga yeye na sababu yake, na mama akasikia kwa mara ya kwanza kwamba mwanawe hakuwahi kuwa na sukari. Hakumtazama. Aliendelea kumkanda wifi yake miguu. Walimtundikia maji, wakamrudishia insulini, wakafanya waliyoweza. Shangazi alikata roho kabla ya jua kuchomoza, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mama.

Msiba ulikuwa mkubwa. Watu walivuka kutoka pande zote mbili za mto, ng'ombe akachinjwa, wanawake wakajaa nyumba hadi uani. Kabla ya jeneza kutoka, msemaji wa ukoo wa mumewe alisimama akashukuru waliomuuguza. Akamtaja mama peke yake. Akasema, kama majirani walivyosikia kwa marehemu mwenyewe, kuna wifi na wifi, na huyu alivuka Songwe imejaa akamletea marehemu dawa kutoka Ulaya ilipokosekana hapa. Watu wakaguna kwa kuridhika. Dada alikuwa kando yangu, ameinamisha kichwa mpaka magotini.

Mama akasimama. Nilijua anachotaka kusema, na sikumzuia.

"Nimemuua mimi," akasema. "Nimemuua wifi yangu kwa mikono yangu."

Kilio kikapasuka nyumba nzima. Kwetu ndivyo wanawake wanavyolia msibani: huyu anasema ningekuja mapema, yule anasema ni mimi niliyemwacha peke yake, na kila anayempenda marehemu hujitwisha kifo chake. Wakamshika mama mabegani, wakamketisha. Bibi mmoja akamfuta uso kwa khanga yake. "Basi, mama, basi. Wote tumemuua." Mama akatikisa kichwa, akarudia tena pole pole, neno kwa neno, akataja sindano, akataja mchele. Wale wanawake wakalia naye kwa nguvu zaidi, na mmoja akaanza kumpepea.