Begi la Kupanda Kilima

Juzi pale Nyakanazi, tukiwa tumechoka kusubiri basi la Ngara, vijana wawili wa shirika la misaada walimwaga vitu vyao kwenye benchi la mama muuza chai. Walikuwa wakifunga begi: sweta, makoti ya mvua, soksi za akiba, mikate.

"Mnahama, wanangu?" aliuliza mama, ambaye mwenyewe alikimbia vita Burundi.

"Hapana, mama. Tunapanda kilima kile, jioni tunarudi."

Alifuta mikono, akalitoa koti la mvua lililokuwa chini kabisa, akaliweka juu. "Mvua haisubiri mtu afukue begi."

"Wewe ulipokuja ulibeba nini?" mmoja aliuliza kwa utani.

"Unga. Nikasahau kiberiti. Watoto waliulamba mkavu njia nzima."

Utani ukaishia hapo. Mama akachukua kiberiti chake kando ya jiko, akakitia mfukoni mwa begi. Kijana akataka kulipa; mama akatikisa kichwa.

Sisi abiria tuliokuwa tukinung'unika tangu asubuhi tulinyamaza. Basi lilipofika, tukaanza upya: viti vichafu, dereva mzembe. Binadamu hatukawii kusahau.