Chini ya Paa la Haisi, Kutoka Mbinga Hadi Kihagara

Niliondoka Mbinga kwa sababu mume wangu aliniomba, na nilijua hataweza kuniomba mara ya pili. Madaktari walikuwa wamemaliza kazi yao. Uvimbe ulikuwa kwenye pafu, umeshasambaa, na walichotuambia ni maneno machache tu: mrudisheni nyumbani, akae na watu wake. Mimi nilielewa kwamba nyumbani ni pale Mbinga, kwenye nyumba yetu ya matofali nyuma ya soko. Rashidi alielewa vingine.

"Nataka nikawaage," alisema.

"Ukawaage akina nani?"

"Wateja wangu. Litembo, halafu ziwani."

Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge. Tangu tuoane alizunguka vijiji vya milimani na vya ufukweni kwa haisi yake, akilala huko huko wiki nzima, wakati mwingine mbili. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilibaki na madaftari ya kusahihisha na binti yetu Zuhura, na sikuwahi kulala ndani ya gari lile hata mara moja. Nikwambie ukweli, kuna siku nilimwonea wivu. Nilimwazia akila mbasa, samaki wabichi wa ziwani, na kupigwa na upepo wa ziwa, mimi nikimeza vumbi la chaki.

Kuendesha najua. Baba yangu alikuwa na lori la kubebea kahawa na alinifundisha nikiwa msichana. Kwa hiyo dereva hakutusumbua. Kilichotusumbua ni jambo ambalo hakuna aliyelifikiria mpaka nilipoingia nyuma kumtandikia: mimi ni mrefu. Rashidi ni mfupi, siku ya harusi yetu mpiga picha alimsimamisha juu ya tofali. Haisi ile alikuwa ameitengeneza mwenyewe kwa kimo chake. Aling'oa viti, akajenga kitanda cha mbao kilichoinuka juu, na chini yake akaacha nafasi ya kupanga majora ya vitenge. Kati ya godoro na paa palibaki nafasi ya mtu kulala na kugeuka, basi. Pembeni ya kitanda kulikuwa na ujia mwembamba ambamo hata yeye hakuweza kusimama wima. Mimi niliingia nimejikunja kama kisu cha kukunja.

Tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Zuhura alipiga simu kutoka Songea, akalia, akanilaumu, mwisho akamwomba baba yake radhi kwenye simu. Rashidi akamwambia, "Sina kinyongo na wewe, mwanangu." Nikawasha gari.

Litembo tulifika kabla ya jua kuwa kali. Nilikuwa nimeendesha polepole kwenye kona zile, kahawa upande mmoja na mashamba ya ngoro upande mwingine, mashimo yake yamejipanga mlima mzima. Kila gurudumu lilipoingia kwenye korongo nilimsikia nyuma yangu akishusha pumzi.

Mwenyeji wetu alikuwa Mama Ndunguru, mjane mwenye shamba la kahawa karibu na njia ya kwenda kanisani. Alitoka mbio aliposikia gari, akafungua mlango wa pembeni mwenyewe kama alivyozoea, kisha akarudi hatua moja nyuma.

"Mzee wa vitenge," alisema. "Mbona umepungua hivi?"

"Nimekuja kukuaga, mama."

Alitaka tulale ndani. Alikuwa ameshatoa watoto kwenye chumba. Lakini jikoni palikuwa na moto wa kuni, moshi ulijaa nyumba nzima, na Rashidi hakukaa hata dakika chache kabla ya kikohozi kumshika. Tukarudi garini. Mama Ndunguru alituletea ugali na maharage mlangoni, akala nasi akiwa amekaa kwenye kigoda nje, maana ndani watu watatu hawakai.

Asubuhi Litembo ni baridi. Pumzi zetu zilikuwa zimegeuka maji kwenye bati la paa, na matone yakawa yananidondokea usoni. Nikainuka ghafla, nikajigonga kwenye chuma mpaka nikaona nyota. Rashidi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mpaka kikapita.

"Mama Zuhura," alisema alipopata sauti, "unaamka kama uko nyumbani. Mkono kwanza. Mkono uende juu uulize njia, kichwa kifuate."

Nilipopeleka mkono juu nikagusa kitu laini. Kwenye mbavu za paa kulikuwa na vipande vya sponji vimefungwa kwa mabaki ya vitenge na kugongelewa, kimoja juu ya mto, kimoja karibu na mlango, kingine pale anapogeukia. Nikamuuliza aliviweka lini.

"Kile cha mlangoni ni mwaka ule nilirudi na nundu. Nikakwambia nimejigonga mlango wa gesti."

Nilikumbuka nundu ile. Nilimkanda kwa maji ya moto huku nikimtania kwamba mtu mfupi anajigongaje mlango.

"Kumbe hukulala gesti?"

"Sikuwahi kulala gesti, Mama Zuhura. Zuhura alikuwa anasoma."

Nilitoka nje nikajifanya natafuta maji ya chai, nikasimama nyuma ya migomba ya watu nikalia.

Kuanzia siku ile nikawa mwanafunzi wake. Alinifundisha akiwa amelala, kwa sauti ndogo. Gauni linavaliwa kwa kulala chali, miguu kwanza. Viatu vinavaliwa mlangoni, makalio yakiwa ndani na miguu nje. Usipike ndani hata mvua ikinyesha; inua mlango wa nyuma, uwe paa lako, mtungi wa gesi ukae chini yake. Kumwosha nilijifunza mwenyewe. Nilipiga magoti kwenye ujia, nikafunga kanga kwenye magoti yasichubuke, beseni likiwa kati ya mapaja yangu. Mgongo uliniuma mpaka nikawa siwezi kunyooka nikishuka. Akaniambia niegemee gari, nishike reli ya juu, nining'inie kidogo. Mama Ndunguru alitukuta hivyo, mimi nimening'inia kama popo, na ilikuwa mara ya mwisho kuwasikia wale wawili wakicheka pamoja. Alipoagana na Rashidi aliingia kwa kutambaa, akamwekea ishara ya msalaba kwenye paji la uso, akakumbuka ni Mwislamu, akaona haya. Rashidi akasema, "Iache hapo hapo."

Kutoka Litembo tulirudi barabara kuu, tukaanza kushuka kwenda Mbamba Bay. Kuna mahali mlima unafunguka na ziwa linatokea lote, bluu, na ng'ambo yake milima ya nchi nyingine. Nilisimamisha gari pembeni.

"Umeliona?" aliuliza kutoka nyuma.

"Nimeliona."

"Likoje leo?"

Nikageuka kumwambia ajionee, ndipo nikaelewa. Kitanda kilikuwa juu ya madirisha. Aliyelala pale hakuona kitu ila bati. Miaka yote hiyo, usiku na mapumziko ya mchana, mume wangu alikuwa akitazama bati lile lile lenye kutu pembeni, na mimi Mbinga nikimwazia upepo wa ziwa. Nikamweleza ziwa lilivyo: limetulia, lina mistari myeupe kwa mbali, kuna mitumbwi karibu na mawe. Akafumba macho akasikiliza kama mtu anayesomewa.

Liuli tulikutwa na mvua. Watu walikuja na miavuli na majani ya mgomba, wakapanga mstari mlangoni kumpa mkono. Wanawake wengi walikuwa wamevaa nguo alizowauzia. Mvua iliponikuta na swala ya adhuhuri bado, nilisita. Sikutaka kuswali nimekaa wakati nina miguu mizima.

"Swali hivyo hivyo," Rashidi alisema. "Mungu anajua urefu wa gari."

Nikaswali nimekaa kwenye ujia, yeye akiswali kwa macho kitandani.

Kihagara ndiko tulikofika, na hatukuendelea. Alitaka twende mpaka Ngumbo, lakini njiani kifua kilibadilika. Tulipoegesha kwenye uwanja wa mwenyeji wake, Fundi Method, karibu na maji, hakuweza tena kulala chali. Akilala anazama, alisema, kama mtu aliye ndani ya maji. Ilibidi akae.

Na kukaa hakukuwezekana. Nilimwinua, nikaweka mito mgongoni, kichwa kikafika kwenye bati. Nikamshusha kidogo, kidevu kikabana kifua, pumzi zikakata. Nikamlaza kwa ubavu, ikawa vile vile. Nilimshika hivyo, nusu amekaa nusu amelala, mpaka Fundi Method alipokuja na mkewe Mama Tekla kutusalimu.

Fundi Method alikuwa mchonga mitumbwi, mtu wa maneno machache. Alituchungulia, akakitazama kitanda, akatazama paa.

"Mwalimu," aliniambia, "paa halipandi. Kitanda kinaweza kushuka."

"Kitashukaje? Chini kuna mzigo."

Fundi Method alikuwa anamtazama Rashidi.

Chini ya kitanda kulikuwa na majora. Tulikuwa tumetoka nayo Mbinga kwa sababu Rashidi alisema haiwezekani gari lake lifike ziwani tupu, watu watamshangaa. Kukata miguu ya kitanda maana yake ni kwamba hakuna tena mahali pa kuweka kitenge hata kimoja. Kitanda kile alikijenga mwenyewe uani kwetu, Zuhura akiwa mdogo anamshikia misumari. Nilingoja aseme hapana. Nafikiri nilitamani aseme hapana.

Alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kupata neno.

"Kata," alisema.

Tulimtoa nje, tukamkalisha kwenye kiti cha uvivu, Mama Tekla akimfunika. Majora tuliyatoa yakawekwa juu ya mkeka. Fundi Method akaingia kwa magoti na msumeno. Rashidi hakugeuza uso. Kila mguu ulipoanguka alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekubaliana na mwenzake. Wa mwisho ulipokatika aliniambia, "Ule wa nyuma ulikuwa mninga. Autunze vizuri, atautumia kwenye kitu kingine."

Kisha akamwomba Mama Tekla awaite wanawake. Walikuja wakikausha mikono, wengine wametoka kuanika usipa, dagaa wa ziwa. Alitaka kila mmoja achague. Walikataa. Mama Tekla akasema, "Shemeji, hatuwezi kuchukua nguo kwa mgonjwa."

"Nimewaletea," alisema. "Msinirudishie mzigo."

Wakachagua taratibu, bila kunong'ona kuhusu rangi kama kawaida yao. Mmoja alichukua kitambaa chake akakikumbatia, akaondoka bila kuaga.

Siku zilizofuata zilikuwa chache na zilikuwa nzuri. Kitanda kilikuwa chini, karibu na sakafu, na Rashidi akakaa juu yake akiegemea mito. Dirisha likawa usawa wa macho yake. Alitazama ziwa kutwa. Aliniambia majina ya pepo zake, na wapi maji yanabadilika rangi kwa sababu ya mto. Mimi nami nilipata nafasi ya kukaa kando yake bila kugusa bati, begani kwangu kichwa chake. Mara moja alisema, "Ningejua ni rahisi hivi, ningekikata zamani."

"Ungeweka wapi vitenge?"

Akafikiri. "Kweli," akasema.

Alifariki alfajiri moja, amekaa, ziwa likianza kuonekana. Nilikuwa nimemshika. Nilijua kwa sababu uzito wake ulibadilika.

Kumtoa kulikuwa kugumu. Mlango ule haukutengenezwa kwa watu wanaobeba mtu. Wanaume wanne walijaribu, wakagongana. Mwishowe Fundi Method aliingia peke yake, akapiga magoti, akamkumbatia, akarudi kinyumenyume akiwa ameinama mpaka kichwa kikatoka, kisha mabega, kisha mikono iliyombeba mume wangu. Waislamu kutoka Liuli na Mbamba Bay walifika na sanda, wakamwosha kwenye ua wa Mama Tekla. Zuhura alifika kwa bodaboda ametapakaa vumbi, dakika chache kabla ya kuswaliwa. Tulimzika Kihagara. Wakristo wa pale walichimba kaburi, na wanawake wa pale walifunga vichwa vyao kwa vitenge vya juzi.

Kurudi nilirudi peke yangu. Zuhura alikuwa na kazi, na mimi nilimwambia nataka hivyo. Sikujua kinachoningoja. Wale ambao hatukuwafikia tulipokuwa tunakwenda walikuwa hawajapata habari, na gari lile wanalijua. Kila kijiji walilisikia kabla ya kuliona. Wanawake walitoka majumbani wakipunga mikono, watoto wakaimba "vitenge, vitenge". Nilipoteremsha kioo nyuso zikageuka. Kila mahali nikasema maneno yale yale, na kila mahali wakalia upya. Baada ya kijiji cha tatu niliamua sitasimama tena. Nilipita kimoja nikiwa nimekanyaga mafuta, kwenye kioo nikawaona wamesimama katikati ya barabara, hawaelewi wamemkosea nini. Niligeuza gari nikawarudia.

Niliyojifunza ni haya, na si mengi. Niliishi na mtu miaka mingi, nikadhani safari zake ni uhuru wake. Zilikuwa nafasi finyu aliyokubali kuinama ndani yake ili sisi wawili tusimame. Hilo lilinichoma njia nzima. Lakini pia nilijifunza kwamba hakuwa mpweke humo. Nilidhani nimebeba msiba wa nyumba moja, kumbe nilikuwa nausambaza kwa wenyewe.

Kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya Mbinga, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinisimamisha. Nikamwambia. Alikaa chini pembeni ya barabara, akalia kwa haki yake, nami nikashuka nikakaa naye. Alipomaliza akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Binti yangu anapokea komunio ya kwanza," alisema. "Mzee aliniahidi kitambaa. Sasa nani atatuletea, mama?"

Nilimsaidia kuinuka. Kisha nikamuuliza binti anapenda rangi gani.