Kiganja cha Maranda Machafu

Saa moja kasoro asubuhi, Mama Panya anafungua chumba cha wanyama cha maabara, anasimama mlangoni na kuvuta pumzi. Pua yake ndiyo huanza kazi.

"Leo shwari," anasema, akivaa glavu. "Wangekuwa wamepigana, ningeshajua."

Ni mwaka wa kumi na moja analisha na kusafisha vizimba mia mbili na arobaini. Jina alibandikwa na wanawe, likamkaa. Shule aliishia darasa la saba. Na mwezi uliopita, kazi hii nusura imponyoke.

Daktari anayeongoza utafiti anachunguza jambo ambalo Mama Panya hulieleza kwa pumzi moja. "Panya jike ukimchoma homoni ya kiume siku anayozaliwa, akikua mkojo wake unanuka kidume, na yeye anakuwa mgomvi. Dada zake wasiochomwa, wapole tu."

Mwezi huo, siku mbili kabla ya majaribio, wageni wakubwa walitarajiwa. Msimamizi akaamuru vizimba visuguliwe na maranda yote wanayolalia panya yatupwe. Mama Panya kila mara huacha kiganja kimoja cha maranda ya zamani kwenye kiota. Safari hii alitupa yote.

"Nilijua tunakosea, nikanyamaza. Nikajiambia, mimi nani?"

Kesho yake mikia ilikuwa imeng'atwa katika kila kizimba, wagomvi na wapole hawatofautishiki. Daktari aliona miaka mitatu ya utafiti ikiteketea. Akasema mtunzaji amechanganya panya, basi aondoke.

Mficha uchi hazai, na Mama Panya ana watoto watano. Akamfuata daktari ofisini.

"Daktari, sikuchanganya. Tumewafulia vitambulisho vyao. Panya asiponusa kwake, kila jirani anamwona mwizi. Nipe siku kumi."

Daktari alimpa, kwa shingo upande. Mama Panya akarudia desturi yake ya kiganja kimoja. Siku ya tisa wasiochomwa walilala wamebanana kiotani. Waliochomwa bado walikuwa wakitafutana ubaya, kama daktari alivyotarajia. Alikuja mwenyewe kuomba radhi, mbele ya msimamizi.

Jumatatu Mama Panya anaanza kufundisha watunzaji wapya sita. Ameandika mwongozo kwa mkono, kurasa mbili, na anakusudia ubandikwe kila mlango.

"Sheria ya kwanza ni ya maranda," anasema, akifunga kizimba cha mwisho. "Ya pili ni ya mtunzaji: unachokijua, kiseme kabla hakijatupwa."