Beringi za Kiti cha Mama

Mama alipopata kiharusi, upande wake wa kushoto ulilala, na kiti cha magurudumu tulichopewa hakikumaliza mwezi kwenye barabara yetu ya mawe hapa Kabuga. Kazi yangu ni kubuni mashine za kusaga na kukoboa. Nikamwambia, "Mama, nitakutengenezea kingine."

"Kinifikishe kanisani tu, mwanangu." Kiswahili chake kilikuwa cha Ngara, alikotulea ukimbizini ng'ambo ya mpaka, na tuliendelea kukizungumza nyumbani hata baada ya kurudi kwetu.

Habari ya kuchagua beringi nilikuwa nikiwafundisha wenzangu karakanani. Usianze na ukubwa wa tundu, niliwaambia; kwanza uliza uzito unatoka wapi, kitu kinazunguka kwa kasi gani, vumbi litaingilia wapi. Magurudumu ya nyuma niliyafanya hivyo, nikayawekea beringi zilizozibwa kwa mpira pande zote mbili. Ila kwenye uma za mbele, zile zinazoshika magurudumu madogo na kugeuka kiti kinapokata kona, nilitumia beringi za gololi zilizobaki kwenye feni ya mashine. Zilikuwa laini ajabu mkononi. Lakini za feni ni za kasi. Pale mbele hapakuwa na kasi yoyote, palikuwa na uzito unaoshuka kutoka juu na kuyumba kila gurudumu likikanyaga jiwe. Nililijua hilo. Kutafuta zinazofaa madukani kungenichelewesha, nami nilitaka awahi Jumapili.

Akaenda Jumapili tatu. Ya nne, tukishuka kutoka kanisani, uma wa kulia ukakwama. Kiti kikapinduka huku nimekishika, Mama akaanguka juu ya mawe. Nilisikia mfupa kabla sijamsikia yeye.

Ilikuwa nyonga. Daktari alipouliza imekuwaje, Mama alinitangulia: "Niliteleza bafuni."

Tulipobaki wawili nikamuuliza, "Mama, mbona umesema hivyo?"

"Wakisikia kazi ya mikono yako imemwangusha mama yako, nani atakuamini tena? Nyamaza. Nimeshasema."

Hakuinuka tena. Mapafu yalijaa, akatutoka kabla mvua hazijakatika. Msibani kila aliyenipa mkono alitaja bafu. Mmoja alinishauri nibadilishe vigae. Nikaitikia.

Baada ya maziko dada yangu mkubwa alikuja kutoka Kibagabaga kupanga vitu vya Mama. Akakiona kiti kimeegemezwa ukutani. "Hiki tumpe yule mzee jirani aliyekatwa mguu."

"Hapana, dada."

"Kwa nini?"

Nikamweleza yote. Alikunja vitenge vya Mama mpaka cha mwisho, hakunitazama.

"Mama alijua?"

"Alijua."

"Basi kitengeneze," akasema.

Karakanani niliufungua ule uma. Njia ya gololi ilikuwa na vishimo kama imegongwa msumari, na gololi mbili zilikuwa zimepasuka. Zilizofaa ni zile za vibiringi, vijiti vifupi vya chuma vilivyolala mshazari, ambazo hubeba uzito wa juu na wa pembeni. Nilizikuta kwenye duka la pili nililoingia. Sikufika hata la tatu.

Mzee sasa anazunguka mtaa mzima. Kila nikienda kutia grisi ananisifu mbele ya wapita njia, "Fundi wetu huyu!" Nami nainama kwenye magurudumu, nachelewa kuinuka.