Kasuku Aliyejifanya Kiziwi

Nyumbani walimwita Kasuku tangu akiwa na miaka mitatu, na aliyemsikia hakuuliza sababu. Mtoto alikuwa anaamka na maneno mdomoni. Ukimtuma chumvi dukani, alirudi na chumvi pamoja na habari za mtaa mzima: nani kagombana na nani, nani kahama, na kila mmoja akimwiga sauti yake. Shangazi yake alikuwa akisema, "Huyu ili alale inabidi tutafute pa kumzimia, kama redio." Shuleni yeye ndiye aliyesoma matangazo ya asubuhi mbele ya wanafunzi mia nne, bila kipaza sauti, na waliokaa nyuma kabisa hawakukosa neno.

Alikuwa na miaka kumi na minne baba yake alipofanikiwa kuwachukua, yeye na mama yake. Baba alikuwa ametangulia ugenini miaka mitatu, akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala la vyakula vya barafu. Aliwapokea uwanja wa ndege akiwa na makoti mawili mkononi, moja la mkewe, moja la binti. La binti mikono ilimwishia juu ya viganja. Baba alikuwa amelinunua kwa kumkumbuka alivyomwacha.

"Umekua bila kuniaga," alimwambia, akicheka huku macho yamemjaa maji.

Walikaa vyumba viwili ghorofa ya nne, juu ya duka la rangi. Mama hakuchelewa kupata kazi: kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, yeye akiwa kwenye mashine ya kunyoosha. Binti akapelekwa shule ya jirani, akarudishwa darasa moja nyuma kwa sababu ya lugha.

Siku ya tatu mwalimu alimsimamisha ajieleze. Kasuku alikuwa amejiandaa tangu alfajiri. Alitembea na sentensi yake njia nzima kama aliyebeba maji kwenye bakuli. Alitaka kusema anapenda kusoma. Lakini katika lugha ile neno la kusoma na neno la kunyolewa yanapishana kidogo tu, kwa namna ya kuvuta ulimi, na yeye ulimi wake ukavuta kusiko. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akatabasamu, bila ubaya, kisha akamwambia aketi. Kasuku hakujua alichokosea mpaka baada ya wiki mbili. Alichojua ni kwamba amefungua mdomo na watu wakacheka pasipokuwa na mzaha. Hilo halikuwa limewahi kumpata maishani. Alizoea kuchekesha, kuchekwa kulikuwa kitu kingine kabisa.

Tangu siku hiyo akafunga mdomo.

Mapumziko aliyamalizia chooni, kwenye kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Kwao alijijua kwa sauti yake. Kioo kilikuwa cha kuchania nywele basi. Sasa sauti imekwenda, kimebaki kiwiliwili, na kiwiliwili chenyewe hakukitambua: msichana mrefu kupita wote darasani, mabega yamekunjwa ili ufupi upatikane, mikono inayochungulia kwenye koti, uso usiosema lolote. Alikuwa akimtazama yule kama unavyomtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti chako, unangoja aondoke.

Jina lake la shule walilitamka vibaya kiasi kwamba mara nyingi hakujua anaitwa yeye. Mwalimu akimwita kutoka nyuma, hageuki. Akiulizwa, anatazama meza. Mwezi wa tatu ikaja barua nyumbani. Baba aliisoma mara mbili mezani, kidole kikifuata mstari.

"Wanataka wampime masikio," alisema.

"Masikio ya nani?" Mama aliuliza.

"Ya huyu."

"Huyu anayesikia mfuniko wa sufuria ukifunuliwa akiwa ngazini?"

"Mama yake, waache wapime. Wakikuta mazima tutashukuru."

Wote wawili walimtazama. Hapo angesema neno moja tu na mambo yangeishia palepale. Hakusema. Nyumbani nako alikuwa ameanza kuwa mkimya, na wazazi walidhani ni uchovu.

Chumba cha kupimia kilikuwa kama kabati lenye kapeti hadi ukutani. Walimvalisha hedifoni, wakampa kitufe akibonyeze kila atakaposikia mlio. Milio ikaanza, mikubwa, kisha midogo, kisha myembamba kama mbu aliye chumba cha pili. Aliisikia yote. Ile mikubwa alibonyeza. Ilipofika midogo, kidole gumba kikatulia juu ya kitufe. Hakuwa amepanga. Ila nje ya dirisha la kioo aliwaona mpimaji na mwalimu wakitazamana kwa huruma, na akakumbuka kwamba kiziwi haulizwi kwa nini hajibu. Mjinga huulizwa kila siku.

Majibu yakasema sikio la kushoto lina upungufu mkubwa, la kulia wa wastani. Shule ikamwazima kifaa cha kusaidia kusikia, kidude cha rangi ya maziwa kinachoning'inia nyuma ya sikio, na akapangiwa kwenda mara tatu kwa wiki kwenye chumba kidogo mwisho wa korido.

Mama alilipokea jambo lile kwa namna ambayo Kasuku hakuitegemea. Alikaa kitandani na viatu vyake vya kazini, akasema taratibu, "Ni ile homa. Ulikuwa na miaka miwili. Niliambiwa nikupeleke hospitali asubuhi, nikasema nimalize kwanza kufua. Nikakupeleka saa nane mchana."

"Mama, sio homa."

"Unajuaje? Ulikuwa mtoto." Akamshika sikio kwa vidole viwili, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Kuanzia hapo akawa anaongea naye kwa kupaza sauti, uso kwa uso, neno mojamoja. Kasuku alikereka, akaona aibu, akanyamaza. Uongo ulikuwa umeshapata miguu, na yeye alikuwa amekaa mgongoni mwake.

Mwisho wa korido ndiko alikomkuta binti wa mwokaji mikate. Walikuwa rika moja. Huyu alikuwa kiziwi kwelikweli, tangu akiwa na miaka mitano, na alikuwa na nyusi zinazoongea kuliko midomo ya watu wengi. Mwalimu wa chumba kile, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliwafundisha lugha ya ishara pamoja, lakini mwalimu hasa alikuwa yule binti. Alimshika Kasuku vidole akavikunja sawasawa, akamkemea kwa nyusi, akamrudisha mwanzo.

Na hapo kikatokea kitu. Kasuku akapata maneno. Mikono ilishika lugha upesi ajabu, labda kwa sababu hapakuwa na ulimi wa kuteleza. Mwezi haukuisha akawa anamwigia rafiki yake walimu wote: mkuu wa shule anavyovuta suruali kabla ya kukemea, mwalimu wa hesabu anavyotafuta chaki aliyoishika. Binti wa mwokaji alicheka mpaka akajishika mbavu, kicheko chake kikubwa kisichojua kuna watu wanaosikia. Kasuku alimweleza jina lake la nyumbani, naye akamtungia ishara yake: vidole viwili midomoni, vikifunguka na kufunga haraka kama mdomo wa ndege. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege, kuna mtu alimwita akajijua.

Darasani, watu waliomdhani hasikii waliongea mbele yake bila kujizuia. "Yule mrefu, maskini, hasikii." "Ila ana macho mazuri." Aliyasikiliza yote akiwa amekodolea daftari, siku baada ya siku, mpaka lugha ile ngumu ikaingia yenyewe kama maji yanavyoingia kwenye godoro.

Baada ya masomo walikwenda kiwandani kwa mwokaji, chumba kirefu chenye joto nyuma ya duka la mikate. Walikaa kwenye mifuko ya unga iliyopangwa ukutani, wakila vipande vilivyoungua pembeni. Siku moja binti wa mwokaji alimwambia jambo ambalo, alisema, hajamwambia mtu.

"Mama yangu alikufa nikiwa na miaka sita," alisema kwa mikono, polepole. "Kuna sauti moja tu niliyokuwa naikumbuka, yake, akiniita kutoka ghorofani. Zamani niliisikia kila nikitaka. Sasa naitafuta siipati. Wewe ukivua kifaa, unabakiwa na nini?"

Kasuku alitazama unga sakafuni. Kisha akajibu. Alimweleza ukimya wa kubuni, mzito, kama kuwa chini ya maji. Akaupamba, maana alikuwa na kipaji. Binti wa mwokaji alimsogelea akaegemeza kichwa begani pake. Walikaa hivyo muda mrefu. Kasuku alihisi uzito wa kile kichwa akakaa wima, kama mwizi aliyekaribishwa chakula.

Mwezi wa nne wa urafiki wao, mambo yaliharibika bila kelele. Ilikuwa jioni ya upepo. Kasuku alikuwa amevua kifaa kwa sababu ya joto, amekiweka juu ya meza, na amekaa akiipa tanuri mgongo. Mwokaji, aliyekuwa ameshika trei mikono miwili, alisema huko nyuma, bila hata kuinua sauti, kama mtu anayejisemea, "Nani kaacha mlango, unga unapeperuka."

Kasuku akainuka, akaenda, akafunga mlango.

Alipogeuka alimkuta rafiki yake anamtazama. Binti wa mwokaji alikuwa ameona midomo ya baba yake ikitembea, ameona mgongo wa Kasuku, ameona kifaa mezani. Alihesabu vitu hivyo vitatu kwa macho, kimoja baada ya kingine.

"Umesikia," alisema kwa mikono.

Kasuku angeweza kutunga lolote. Mikono ilikataa. "Ndiyo," alisema.

"Tangu lini?"

"Siku zote."

Binti wa mwokaji hakukunja uso. Nyusi zake, zile nyusi za maneno mengi, zilitulia kabisa. "Nilikuambia habari za mama yangu," alisema. Akapanguza unga kwenye sketi, akapanda ngazi kwenda ghorofani.

Mwokaji, asiyejua kilichopita, akamfungia Kasuku mkate wa kupeleka nyumbani. "Msalimie mama," alimwambia kwa sauti kubwa, akitamka kila neno vizuri ili asome midomo.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kiwandani kwa mama yake, akaingia kwa mlango wa wafanyakazi, akapita katikati ya mvuke hadi mashine ya kunyoosha. Mama alishtuka kumwona.

"Nini? Sikio linauma?"

"Masikio yangu mazima, Mama. Yalikuwa mazima tangu mwanzo. Nilidanganya kwenye kipimo."

Shuka lilikuwa limeshaingia kwenye mashine, halikuweza kusubiri. Mama alilifuata hadi upande wa pili, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya mengine. Mwenzake wa mashine alisogea pembeni. Kasuku alisubiri kofi, na angelishukuru.

"Miezi mitano," mama alisema mwishowe, kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo binti hakuwa ameisikia ikielekezwa kwake kwa muda wote huo. "Miezi mitano najiambia mimi ndiye niliyekutia uziwi. Ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

"Basi," mama alisema. "Nenda nyumbani. Kapashe chakula cha baba yako."

Kesho yake baba aliomba ruhusa kazini, wakakirudisha kifaa pamoja. Katika ofisi ya mkuu wa shule baba alianza kueleza, maneno yakamkwama, na Kasuku akamalizia. Aliongea dakika kumi kwa lugha ya pale, akikosea hapa na pale, akiendelea. Hakuna aliyecheka. Mkuu alisikiliza akiwa ameshika kidevu, na mwalimu wa chumba kidogo alivua miwani yake akaifuta, akaifuta tena.

Walimsamehe, kwa karatasi na kwa mdomo. Darasani akapata sauti, na baada ya mwaka akawa na marafiki wawili watatu wa kugawana nao vitafunio. Lakini binti wa mwokaji alihamisha kiti chake kwenye ukumbi wa chakula siku ileile. Kasuku alimwandikia barua tatu, akazisukuma chini ya mlango wa duka la mikate. Hazikujibiwa. Mwisho wa mwaka mwokaji aliuza duka, wakahamia mji wenye shule ya viziwi.

Miaka ilikwenda. Kasuku alisomea kutengeneza miwani, akapata kazi kwenye duka lenye foleni ndefu, na wateja humpenda kwa sababu ana maneno. Mama yake alistaafu mashine ya mashuka akiwa na mgongo mbovu. Hawakuwahi kulizungumza tena jambo lile, ila hadi leo mama akimwita toka chumba cha pili na jibu likachelewa kidogo, huacha alichoshika akaja mlangoni kumtazama.

Akiwa na miaka thelathini na moja alimwona binti wa mwokaji, kwenye ukumbi wa kusubiri wa zahanati ya meno. Alikuwa na mume na mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi. Nywele zilikuwa tofauti. Nyusi zilikuwa zilezile. Aliinua macho, yakakutana na ya Kasuku, yakakaa pale muda wa kuvuta pumzi moja. Alimtambua, hilo halikuwa na shaka. Kisha akamgeukia mumewe wakaendelea na mazungumzo yao ya mikono: jino la mtoto, daktari akianza nani atamshika, kama wapitie sokoni.

Kasuku alielewa kila neno, na halikuwa lake hata moja. Akageuza kiti chake akatazama ukuta, mpaka jina lao lilipoandikwa ubaoni nao wakaingia ndani.