Karatasi za Mwigizaji wa Rayners Lane

Nyinyi wajukuu zangu, na wenzenu mnaonijibu Kiingereza nikiwasemesha Kiswahili, someni kisa hiki pole pole na msiruke mstari. Mmezoea kunisikia nikiwakemea. Leo najikemea mwenyewe, tena kwa maandishi, msije mkasema baadaye kwamba nyanya yenu hakuwahi kukosea.

Mnajua nilifanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Kila siku saa mbili na nusu asubuhi nilishuka basi mtaa wa Rayners Lane, huku ughaibuni, nikapita maduka ya Wahindi karibu na stesheni, nikapanda ngazi hadi fleti ya mzee mmoja Mrusi. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, mke amekufa, mtoto hakuna. Kwao alikuwa mwigizaji wa jukwaani na wa filamu. Huku alikuja uzeeni, baada ya kusema mbele ya watazamaji neno ambalo wakubwa wa nchi yake hawakulipenda. Kesho yake bango la ukumbi wao lilikuwa na jina la mtu mwingine.

Siku ya kwanza aliniita kwa jina, kama lilivyoandikwa kwenye kadi ya shingoni. Nikamwambia, "Mimi siitwi hivyo. Kwetu mtu wa miaka sitini na tisa kama mimi huitwa Mama."

"Lakini nimekuzidi miaka kumi na mbili!"

"Basi niite Mama Mdogo."

Akacheka, na tangu hapo nikawa Mama Mdogo.

Ukuta wa sebule yake ulijaa picha za wanaume. Mmoja askari, mmoja padri mwenye ndevu, mmoja tajiri wa kofia ndefu, mmoja mlevi kabisa. Wiki ya pili nikamwuliza, "Hawa ndugu zako wote wamekufa?" Alicheka hadi akashika meza. Wote walikuwa yeye.

Nikimnyoa, alinisimulia. Mama yake alikuwa akifua nguo za waigizaji katika mji mdogo wa theluji. Akiwa na miaka sita walimsukuma jukwaani badala ya mtoto aliyeugua, naye akakataa kutoka. Akaenda chuo cha uigizaji, na mwaka mzima wa kwanza hawakuruhusiwa kusema neno. Walifundishwa kubeba ndoo tupu mpaka anayetazama aone maji yakimwagika. Halafu miaka arobaini katika ukumbi mmoja. Filamu alizocheza ni nyingi, ila watu walimkumbuka kwa moja tu, aliyoigiza kama dereva wa treni. Baada ya hiyo, kila treni aliyopanda madereva walimwita mbele akae nao, ingawa hata kuwasha taa za treni hakujua. Mke wake alikuwa mnong'onezaji, yaani yule anayejificha pembeni mwa jukwaa na kumtupia mwigizaji neno akilisahau. Miaka thelathini alimnong'onezea mumewe.

Mimi nilisikiliza kwa sikio moja. Niliishia darasa la tano, na kwetu Voi maigizo yalikuwa mambo ya watoto wa shule siku ya wazazi. Mtu mzima alipwe kwa kulia machozi ya uongo! Nikamwambia hivyo hivyo, wembe mkononi.

"Mama Mdogo," akasema, "machozi yenyewe si ya uongo. Kinachobuniwa ni kisa tu."

Nikamwambia anyamaze nisimkate.

Basi majira ya baridi yalipokuwa yanaisha, asubuhi moja nilimkuta amesimama wima, amechana nywele. Akaniambia, "Nimepata kazi." Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza. Wazee wengi niliowatunza husema kesho wanaenda kazini. Mmoja wa mtaa wa Queensbury alivaa tai kila Jumatatu akisubiri gari la benki alikostaafu zamani. Sisi wa kazi hii tulikuwa na jibu letu la mambo hayo, nami nikalitoa bila hata kugeuka: "Vizuri sana. Kunywa chai, isipoe."

Alinitazama, halafu akanywa chai. Hakurudia tena kunieleza.

Tangu siku ile, nikiwa jikoni nakoroga uji wa shayiri, nilimsikia sebuleni. Anafoka kwa Kirusi, anabembeleza, analia. Ananyamaza. Anarudia yale yale tena. Nikichungulia, namwona amekielekea kiti kitupu, ameinamisha sikio kama anayengoja jibu. Nilianza kuomba pale pale kwenye jiko.

Tulikuwa na daftari la kila siku, lazima uandike ulichokiona kabla hujatoka. Kiingereza changu cha kuandika kilikuwa cha kunakili. Nilisoma walivyoandika wenzangu wa kwenye nyumba nyingine, nikayabeba maneno yao. Nikaandika kwamba amechanganyikiwa, anapiga kelele, analia, anaongea na kiti. Siku kumi na zaidi niliandika hivyo, kwa mwandiko mzuri, na meneja akanisifu kwa simu. Nilifurahi. Kumwuliza mwenyewe, "Baba, unafanya nini?" ingenichukua dakika moja, na sikuwa tayari kuitoa.

Kisha Alhamisi moja, siku ya takataka za karatasi, nikasafisha meza. Magazeti, matangazo ya pitsa, na rundo la karatasi za Kirusi zilizochakaa, zenye maandishi ya penseli pembeni. Nikazibeba zote kwa mpigo, nikazitupa kwenye pipa la chini. Gari la taka likapita.

Ijumaa nilimkuta ameinua godoro. Amefungua hata jiko la kuokea.

"Mama Mdogo, karatasi zangu."

"Karatasi gani?" nikasema, na wakati nasema nilikwisha kuzijua.

Niliogopa kufutwa kazi, sina sababu nyingine ya kuwapa. Nikafungua daftari nikaandika, "Anatafuta karatasi ambazo hazipo." Hayakuwa maneno ya uongo, na ndiyo maana yananiuma kuliko uongo. Kweli hazikuwepo.

Hayupo mtu aliyemwonea kwa makusudi. Afisa wa ustawi wa jamii alisoma daftari, akaja na meneja wangu na daktari kuamua kama mzee anaweza kuendelea kuishi peke yake. Tukakaa sebuleni chini ya zile picha. Daktari alimwambia achore saa, ili ampime akili. Akakasirika, akasema yeye si mtoto. Nalo likaandikwa. Akaeleza kwamba alikuwa anafanya mazoezi ya mchezo, wa mtu mmoja, kwa ajili ya chama cha Warusi. Afisa akatabasamu, tabasamu lile lile langu la chai.

"Una maandishi ya huo mchezo?" akamwuliza.

Mzee akanigeukia. "Mama Mdogo aliyaona. Yalikuwa hapa mezani."

Wote wakanitazama. Alichokuwa anaomba ni abaki nyumbani kwake, na neno lake lilikuwa mdomoni mwangu.

Nikasema, "Sikuona."

Alijitazama mikono, akaiweka magotini. Wiki ya tatu baada ya hapo alihamishiwa makao ya wazee.

Nilitumwa kumfungia vitu. Nikiwa katikati ya masanduku, mlango ukagongwa, akaingia mama mmoja Mrusi wa chama chao. Ametoka safari, hana habari. Ameshika tangazo lenye picha ya mzee, siku, saa, na jina la ukumbi wa kanisa. Alikuja kumletea. Alipoona kuta tupu akauliza kama amekufa. Nikakaa kwenye kochi bila kukaribishwa, nikamwambia yote. Akaniuliza jambo moja tu: zile karatasi zilikuwa na penseli pembeni? Nikasema ndiyo. Akasema, "Ni mwandiko wa mke wake. Pale alipokuwa akisahau, mke aliweka alama." Nikaelewa nani alikuwa kwenye kile kiti.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa meneja nikasema kweli. Nilipewa onyo, halafu nikasimamishwa, na nilistahili. Afisa alirudi, akapima upya, akakubali kwamba mzee ana akili timamu. Lakini fleti ilikwisha kupewa familia nyingine, na ile siku ya kwenye tangazo ilikwisha kupita.

Ilinichukua mwezi kwenda kumwona. Nilimkuta kitandani katika chumba chembamba, anasema maneno yake kwa kunong'ona. Majirani walilalamika, akaniambia, kwa hiyo anafanya mazoezi bila sauti, kama mwaka wa kwanza wa chuo.

Nikasimama mlangoni na koti langu mwilini. "Karatasi nilizitupa mimi. Na siku ile nilisema sikuona."

"Najua," akasema. "Nilikuangalia usoni. Unaigiza vibaya sana."

Hakunionyesha kiti, na nilijua ananiacha nisimame makusudi. Kisha akauliza, "Nikifanya mazoezi, jikoni nilisikika?"

"Kila neno."

"Hata ya chini chini?"

"Hata hayo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama fundi aliyeambiwa mlango wake unafunga sawasawa. Akasema mchezo anao wote kichwani isipokuwa sehemu mbili, na hizo mbili hazimjii ila akisema kwa sauti kamili. Hakuniomba kitu, wala hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza.

Nilirudi nyumbani nikawakuta mmejaa sebuleni, mama yenu na nyinyi nyote, televisheni inapiga kelele. Sikuvua koti. Nikasema: "Jumapili saa nane mchana namleta mzee hapa, na Jumapili zote baada ya hiyo mpaka akatae mwenyewe. Televisheni izimwe. Simu ziachwe chumbani. Mtakaa chini mumsikilize, na atakapopaza sauti, asiwepo wa kumwambia apunguze."